Mbinu inakubali klabuni, inakataa barabarani: kutafuta kasoro katika mazoezi ya kujilinda

Sisi tunaofundisha kujilinda hapa Goma tunasikia malalamiko yaleyale. Mtu amejifunza kuponyoka mkono, amejifunza kuanguka, pengine amepata hata mkanda. Kisha jioni moja anakutana na watu wawili kwenye kichochoro cha Majengo, au mkoba unavutwa karibu na soko la Virunga, na yote aliyojifunza yanapotea. Anarudi na swali: mbinu ni mbovu, au mimi ndiye mbovu? Mara nyingi kasoro iko kwenye mazoezi yenyewe. Amezoea kushikwa na mwenzake anayemwonea huruma, mchana, juu ya tatami (mikeka ya mazoezi), akiwa amevaa kimono na akijua ni sekunde gani atashikwa. Barabara haitoi hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa nimepanga matatizo kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ni ile tunayoikuta zaidi. Fanya kipimo chepesi kwanza, kwa sababu mara nyingi kinatosha. Na palipoandikwa SIMAMA, acha zoezi hapohapo hata kama mwalimu anasema endelea.

Jambo moja la kuweka wazi kabla hatujaanza: lengo la mazoezi haya ni kurudi nyumbani mzima. Nafasi ya kukimbia ikipatikana, kimbia. Akitaka simu, mpe simu. Tunafanyia mazoezi yale yanayobaki pale ambapo kukimbia kumeshindikana na anayekushika hataki kitu chako, anakutaka wewe.

Dalili: mwili unaganda, sauti haitoki

Hii ndiyo inayoletwa na watu wengi, na ndiyo inayowatia aibu wasiyostahili. "Nilijua la kufanya, lakini mikono haikuinuka." Kuganda ni jibu la mwili mbele ya hatari, kama vile kukimbia na kupigana. Mtu hakuchagui. Mwanamke aliyeganda hakukubali chochote, na mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa sababu hiyo hafai kufundisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwanzo haujawahi kufanyiwa mazoezi. Klabuni tunainamiana, mwalimu anasema "hajime", yaani "anza" kwa Kijapani, tunashikana. Mwili umejifunza kuamka kwa neno hilo tu. Kipimo: tembea ukumbini huku ukizungumza kwenye simu au ukihesabu pesa, na mwenzako akushike wakati wowote ndani ya dakika mbili. Kama unabaki umesimama hadi mshiko unakamilika, kasoro umeipata. Dawa yake ni kutenga sehemu ya kila zoezi kwa ajili ya mwanzo peke yake. Anakuja, unainua mikono hadi kifuani viganja vikimtazama, unapiga hatua ya upande, unapaza sauti. Basi, hakuna mbinu inayofuata. Rudia ukiwa umeketi, ukiwa umempa mgongo, ukiwa umeinama kufunga kiatu. Mwenzako naye wakati mwingine apite tu bila kukugusa, ili mwili ujifunze pia kutulia mtu anapopita.

Sababu ya pili ni sauti isiyofunzwa. Wasichana wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba mtoto mwenye adabu hapigi kelele, na adabu hiyo haiondoki kwa kuambiwa mara moja. Kipimo: simama mwisho wa ukumbi, umwamuru mwenzako aliye upande wa pili asimame. Kama sauti inatokea puani au inaishia kwa kicheko, ifanyie kazi kabla ya mbinu yoyote. Sauti inaita watu, na inalazimisha pumzi itoke. Anayebana pumzi hugandia hapo. Maneno yawe machache. Mimi napendelea "Niache! Sikujui!" kwa sababu hapa kwetu watu wengi wakiona mwanaume anamvuta mwanamke wanadhani ni ugomvi wa nyumbani, wanapita. "Sikujui" linawaondolea shaka. "Mwizi!" nalo huwatoa watu haraka, lakini sote tunajua jinsi umati wenye mawe unavyoweza kumwua mtu kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Usilitumie kwa simu ambayo imeshakwenda.

Sababu ya tatu ni mbinu nyingi mno. Muulize mwanafunzi: akikukamata kola, utafanya nini? Akitoa majibu matatu, kichwa chake kitakuwa kinachagua wakati mwili unangoja. Chagua jibu moja kwa kila mshiko, na mengine uyaache kwa miezi kadhaa.

Sababu ya nne haitokei kila siku, lakini ndiyo nzito kuliko zote. Mshiko umeamsha jambo lililompata huko nyuma. Katika jiji ambalo vita vimepita mara nyingi namna hii, mwalimu achukulie kwamba kwenye kila kundi yupo aliyebeba jambo kama hilo. Utaliona: jasho baridi, macho yanayotazama mbali, haitikii jina lake, analia bila kuelewa kwa nini. SIMAMA. Usimwambie ajikaze, na usimuulize kilichompata. Mkalishe mgongo ukiwa ukutani, mahali anapouona mlango, kisha mwombe akutajie vitu anavyoviona ukumbini na akanyage sakafu kwa miguu yote miwili. Awepo dada au mama anayemwamini, na watu wengine watoke. Kama hali inarudi, au usiku haumpi usingizi, anahitaji mshauri wa kisaikolojia, na mwalimu wa judo hawezi kushika nafasi hiyo. Hospitali ya HEAL Africa hapa Goma na ile ya Panzi kule Bukavu zina watu waliozoea kazi hii. Kurudi mazoezini ataamua mwenyewe. Akirudi, aanze na mishiko ya mbele, myepesi, na yeye ndiye aseme lini ashikwe.

Dalili: mkono hauponyoki

Tazama mshiko kwa karibu. Vidole vinne vimezunguka upande mmoja, kidole gumba upande mwingine, na pale vinapokutana kuna mwanya. Wengi wanavuta kinyume chake, dhidi ya kiganja na vidole vinne, halafu wanalaumu nguvu zao. Kipimo ni cha macho tu: kabla hujavuta, taja kwa sauti gumba lake liko wapi. Kisha zungusha mkono hadi ukingo mwembamba wa kifundo chako uelekee kwenye mwanya huo, peleka kiwiko chako upande wa kiwiko chake, na kifundo kitoke kwa kasi.

Kama gumba umelipata na bado mkono umekwama, angalia miguu. Anayevuta kwa mkono peke yake, miguu imesimama, anashindana mkono kwa mkono na mtu aliyemzidi uzito. Piga hatua kuelekea kwake. Ni vigumu kuamini, lakini ukisogea karibu mshiko wake unalegea na kiwiko chako kinapata nafasi ya kupita.

Sababu ya tatu ni mwenzako. Pengine anakuachia kwa heshima, pengine anajua utakachofanya na anakuzuia mapema. Vyote viwili vinakudanganya. Pangeni nguvu kwa ngazi tatu zinazotajwa wazi: robo, nusu, yote. Panda ngazi pale tu ulipofaulu mara kadhaa mfululizo, na ukishindwa shuka bila kuona aibu. Kwenye ngazi ya juu asishike akasimama kama mti. Avute, asukume, aseme maneno, abadilishe mkono. Hapo ndipo utagundua kama mbinu ni yako au ya mwenzako.

SIMAMA kama kifundo kimevimba, au kama kuna maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Hapo kuna mfupa mdogo ambao ukivunjika huweza usionekane kwenye eksrei ya kwanza. Hata ukiambiwa "hakuna kitu" mara ya kwanza, maumivu yakiendelea, rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe picha nyingine. Mwanamasaji wa mtaani asiuvute.

Dalili: ukikabwa koo hutoki

Kwa kawaida umeanza kwa kuchelewa. Mkono wa mtu ukiwa umekuzunguka kutoka nyuma, sekunde ya kwanza ni ya hewa tu: zamisha kidevu ukielekeza uso kwenye kunjo la kiwiko chake, kamata mkono wake kwa mikono yako yote miwili, vuta chini. Baada ya hapo ndipo unashusha makalio, unageuka na kutoka. Anayeanza kwa kugeuka, koo likiwa limebanwa, anajikaba mwenyewe. Kipimo: fanya hatua hiyo ya kwanza tu, mwenzako akitumia robo ya nguvu, na uone kama bado unaweza kuzungumza. Huwezi? Usiendelee na hatua inayofuata.

Sababu nyingine ni kuhangaika na vidole vyake kimoja kimoja. Vuta mkono mzima.

Onyo hapa ni kali kuliko sehemu nyingine. Mkabo unaobana mishipa ya pande mbili za shingo unaweza kumzimisha mtu ndani ya sekunde 10 hivi, bila yeye kuhisi maumivu makubwa. Kwa hiyo kila zoezi la koo lina ishara: kugonga mara mbili, kwa mkono au kwa mguu, na anayekaba anaachia kabla hajafikiri. Hakuna kujaribu "nani atavumilia". Hakuna watoto kwenye zoezi hili. SIMAMA na uende hospitali kama baada ya kukabwa sauti imekwaruza, kumeza kunauma, pumzi inapiga mluzi, au mtu alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi. Uvimbe ndani ya koo unaweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshalala.

Dalili: kuanguka kunakuumiza

Tatami imewazoesha wengi wetu vibaya. Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882, kuanguka kulipewa nafasi ya kwanza, na tunajifunza kupiga sakafu kwa kiganja na mkono ili kutawanya kishindo. Juu ya tatami hiyo ni sahihi. Ukifanya hivyo barabarani Goma, juu ya mawe ya volkano yaliyoachwa na Nyiragongo, utachana kiganja hadi nyama. Mawe haya yana meno. Tangu mlipuko wa 2002, na tena 2021, kuna mitaa ambayo hayo ndiyo sakafu.

Sababu inayojirudia ni kunyoosha mkono kuizuia ardhi. Kipimo: chuchumaa juu ya godoro kuukuu, mwenzako akusukume bega kidogo. Mkono ukitangulia, utavunjika siku moja. Bana kidevu kifuani, kunja mgongo, shuka karibu na ardhi kabla ya kuanguka, na kishindo kipite kwenye nyama ya paja na mgongo wa bega huku mikono ikilinda kichwa. Ukishaweza ukiwa umechuchumaa, fanya ukiwa umepiga magoti, kisha umesimama. Mwishoni fanya kwenye nyasi au juu ya magunia yaliyojazwa unga wa mbao kutoka kwa seremala. Kwenye mawe yenyewe hatufanyi mazoezi ya kuanguka kamwe. Uhalisia hauhitaji mtu kuvunjwa Jumamosi ili awe tayari Jumatatu.

Sababu ya pili ni kwamba hujui kuinuka. Watu wanafikiri zoezi linaisha mwili ukigusa chini. Kila anguko liishie kwa kusimama ukimtazama aliyekuangusha na kupiga hatua tatu za kuondoka.

SIMAMA kichwa kikigonga. Siku hiyo hakuna kurudi kwenye mazoezi, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, mpeleke hospitali na asipelekwe kwa pikipiki akiwa peke yake nyuma ya dereva.

Dalili: pumzi inakatika mapema

Mara nyingi umebana pumzi bila kujua. Mwambie mwenzako asikilize. Kama hasikii ukitoa hewa, ndilo tatizo. Hesabu kwa sauti wakati wa zoezi na utalazimika kupumua. Inayofuata ni kutumia nguvu yote tangu sekunde ya kwanza, mabega yakiwa yamepanda masikioni. Halafu ipo hali ya mtu aliyefika karibuni kutoka bonde la chini: Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ajipe wiki chache.

Ila kuna sababu ya hapa kwetu ambayo wageni hawaifikirii, na wenyeji wengine wanaidharau. Makundi kadhaa hufanya mazoezi alfajiri, nje, kwenye uwanja wowote uliopatikana. Magharibi mwa jiji, kuelekea Lac Vert na kando ya ziwa, kuna mashimo na mabonde madogo yenye mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na hujikusanya zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani. Imeua watu na mifugo. Kama kundi zima linaumwa kichwa, linapumua haraka na kuona kizunguzungu mahali palepale, na anayelala chini kwa mazoezi ya tumbo ndiye anayezidiwa, basi mahali hapo hapafai. Ondokeni mpande juu mara moja. Msipime kwa kiberiti, kwa sababu moto unaweza kuendelea kuwaka pale ambapo gesi tayari inatosha kukudhuru. Na mtu akianguka shimoni usiteremke kumfuata bila msaada, wengi wamekufa hivyo wawili wawili. Waulize wazee wa mtaa kabla ya kuchagua uwanja, wao wanayajua mashimo hayo.

SIMAMA ukiona maumivu ya kifua, mluzi wa pumu, au midomo ikibadilika rangi.

Dalili: ukibadilisha nguo tu, kila kitu kinaharibika

Hii ni nyepesi. Njoo mazoezini ulivyo. Akina mama waje na kitenge kilichofungwa kiunoni, na viatu wanavyovaa kwenda sokoni. Utagundua mapema kwamba hatua pana haiwezekani, kwamba kandambili inabaki nyuma, kwamba mkoba uliotundikwa shingoni unageuka kamba mkononi mwa anayeuvuta. Mama anayebeba mtoto mgongoni abebe mdoli au mto uliofungwa kwa nguo, na afute mbinu zote za kuanguka nyuma. Kwake yeye mazoezi ni sauti, umbali na kutangulia kuondoka.

Zimeni taa pia. Umeme unapokatika msivunje mazoezi, tumieni giza hilo kwa zoezi la polepole, robo ya nguvu, vitu vyote vyenye ncha vikiwa vimeondolewa.

Dalili: kumpokonya mtu silaha hakufaulu

Watu wanalalamika kwamba mbinu ya kupokonya kisu au bastola, iliyokwenda vizuri kwa mwalimu, kwao inashindwa mara nyingi. Sina dawa ya kuitengeneza. Nataka kukuonyesha kwamba iko sahihi kushindwa.

Kwa kisu, vaa fulana nyeupe kuukuu na mpe mwenzako kipande cha makaa. Mwambie asifuate utaratibu wowote, alenge tu kukuchora, akirudisha mkono haraka kila mara. Baada ya nusu dakika tazama fulana. Mistari iliyoko shingoni, tumboni na ndani ya mikono ndiyo jibu. Zoezi hili nalipenda kuliko lolote kwa sababu halina haja ya maelezo, na kijana aliyekuja akijiona hodari anaanza kuuliza mlango uko wapi. Kuanzia hapo mnaweza kufanya mazoezi ya maana: kuweka meza au kiti katikati, kurusha mkoba usoni, kukimbia kabla hajafika.

Kwa bunduki na bastola, nasema waziwazi: hatufundishi kupokonya. Mwenye silaha anahitaji kusogeza kidole kimoja kidogo tu, wewe unahitaji kusogeza mwili mzima. Na mtutu ukigeuka, risasi inakwenda kwa mwingine, pengine mtoto aliye nyuma yako. Kinachofaa kufanyiwa mazoezi, na hakuna anayekifanyia, ni kutoa. Mwenzako akutishe kwa kelele kama wanavyofanya wanyang'anyi: "Leta telefone! Leta makuta!", yaani pesa. Wewe mikono ionekane, viganja wazi. Sema kabla ya kusogeza mkono: "Telefone iko mfukoni, naitoa polepole." Usimkazie macho, na usiseme kabisa kwamba unamjua. Ukishatoa, rudi nyuma kwa upande na uondoke njiani mwake. Usimfukuze. Rudieni hadi sauti yako iwe imetulia wakati yake inapanda. Ni ujuzi kama ujuzi mwingine, na unapotea usipofanyiwa kazi.

Vifaa: tumia kipande cha mti kilichopakwa rangi kali, chungwa au bluu, kisichofanana na silaha hata kwa mbali. Kibebwe ndani ya mfuko, kisionekane njiani. Kitu cheusi chenye umbo la bastola mkononi mwako jioni, katika jiji hili, kinaweza kukuua. SIMAMA kama mtu yeyote ameleta silaha ya kweli ukumbini, hata akisema ametoa magazini. Risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu magazini ikiwa mezani. Mwanafunzi ambaye ni askari aiache silaha kazini kwake, la sivyo hakuna mazoezi siku hiyo.

Upande wa risasi zinazolia mtaani, zoezi lake ni la nyumbani. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na mbao haizuii risasi. Msingi wa mawe ulio chini ya mbao, au ukuta wa mawe wa choo au wa uzio, ndio unaosaidia. Tafuteni mapema mahali familia nzima italala chini, mbali na dirisha na mlango, ikiwezekana kukiwa na kuta mbili kati yenu na barabara. Waonyesheni watoto mahali hapo mchana, kwa utulivu. Wafundishwe kutambaa hadi pale bila kusimama, na kutotoka kutazama wakati mlio umenyamaza kidogo.

Dalili: mwenzako anaumia au anakasirika

Nguvu imepanda bila kutajwa, au mmoja anataka kushinda. Kuweni na neno moja la kusimamisha, "basi", ambalo yeyote anaweza kulisema na wote wanaachia. Mwanaume anayecheza mshambuliaji kwa mwanamke aulize kabla ya kila mshiko mpya, na akikataliwa asitake sababu. Na mwalimu afundishe pia pa kuishia: mshambuliaji akianguka au akikimbia, kujilinda kumekwisha. Anayeendelea kumpiga mtu aliye chini hajilindi tena, na sheria itamtazama hivyo.

Kama shambulio limetokea kweli

Hapa mazoezi hayana la kufanya, na haraka ndiyo inayosaidia. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinaanzwa ndani ya muda huo na kuendelea kwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, navyo vinafanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Akiweza, asioge kwanza, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kama ameshaoga aende vilevile. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi: kushtaki ni uamuzi wake, na anaweza kuufanya baadaye. Ikiwa saa 72 zimepita bado kuna chanjo, matibabu ya maambukizo mengine na ushauri, kwa hiyo asikae nyumbani akidhani amechelewa. Anayemsindikiza abebe maji, kitenge cha kubadilisha, na asimuulize kwa nini hakutumia mbinu aliyofundishwa.